Kufunga polikaboneti kwenye mlango wa ndege ndogo uliopinda: acha shiti ipumue

Mlango wangu wa kwanza ulipasuka ndege ikiwa imesimama tu kwenye hanga, hakuna mtu ameugusa. Niliufunga Jumamosi asubuhi, ile baridi ya Julai ya huku karibu na Nairobi, nikakaza kila kitu mpaka shiti ya polikaboneti (plastiki ngumu ya kuonea) ikatulia kabisa, nikapiga picha nikatumia watu. Wiki mbili baadaye naingia naona mistari myembamba kama nywele inatoka kwenye matundu, na mmoja umetembea mpaka ukingoni. Mzee mmoja fundi aliyekuwa anashughulikia ndege ya jirani akaja, akainama, akapitisha ukucha pale kwenye ufa, akaniambia, "Kijana wangu, hii kitu inapumua, na wewe umeiziba pua."

Basi mengi nitakayosema hapa ni maelezo ya hayo maneno ya mzee: shiti inatanuka na kusinyaa kwa joto na baridi, na mimi nilikuwa nimeibana isisogee. Nazungumzia ndege za kujiundia kutoka kwenye kiti (si cha kukalia, ni seti ya vipande unayonunua na kuunganisha mwenyewe), aina ya Kitfox na wenzake, mabawa juu, mlango ni fremu ya bomba nyembamba za chuma, bawaba ziko juu na mlango unafunguka kuelekea chini ya bawa, halafu sehemu karibu yote ni shiti ya kuonea. Kama ndege yako ni ya kiwandani yenye cheti, sijui Cessna 172 au Piper, hapo usijaribu mwenyewe, madirisha ya zile ni akriliki (plastiki nyingine ya kuonea) kwa kawaida na kubadilisha aina ya plastiki ni kazi ya injinia mwenye leseni na karatasi zake.

KWANZA HAKIKISHA UNACHONUNUA

Madukani ukiomba shiti ya kuonea utapewa chochote kinachong'aa na kitaitwa "pleksi". Polikaboneti na akriliki zinafanana ukiziangalia, ila tabia ni mbali kabisa. Omba kipande chembamba cha mabaki, upana wa vidole viwili hivi, kipinde kwa nguvu (vaa miwani ya kazi tafadhali). Akriliki inakatika pwaa na vipande vinaruka, polikaboneti inakunjika tu kama bati na inabaki na alama nyeupe pale kwenye mkunjo. Muuzaji akikataa kukupa kipande cha kujaribu, nenda duka lingine. Na zile shiti za mapaa zenye vijumba vya hewa katikati, hapana, hizo ni za kufunika mimea na magari.

Majina utakayokutana nayo ni Lexan na Makrolon, hayo ni majina ya biashara tu, kitu ni kilekile. Tafuta yenye kinga ya jua. Shiti nyingi zina kinga upande mmoja na imeandikwa kwenye nailoni ya juu ni upande gani utazame nje, kwa hiyo kabla hujabandua nailoni weka alama ya maka kwenye kona. Ukigeuza, kwa jua letu hili shiti itaanza kuwa ya njano na utajilaumu.

Unene: milango ya aina hii nimeona watu wanatumia milimita 1.5, 2 na 3. Mimi natumia 2. Kilo zake si za kutisha, mita moja ya mraba ya milimita 2 ni kilo 2.4, kwa hiyo mlango wenye shiti ya mita za mraba 0.6 unabeba kama kilo moja na nusu. Ya 3 inaonekana imara lakini inapinda kwa shida na mpindo ndio kesi yetu hapa. Ila kama kitabu cha kiti chako kimetaja unene, fuata kitabu, mimi si mbunifu wa ndege yako.

PIMA MPINDO KABLA YA KUKATA

Hapa watu wengi wanaruka na ndipo wanapoharibu. Shiti unaweza kuipinda ikiwa baridi, bila moto, lakini kuna mwisho. Watengenezaji wengine wanasema nusu kipenyo cha mpindo kisipungue mara 100 ya unene, wengine mara 150. Mimi nachukua 150 nilale usingizi, yaani kwa milimita 2 sipindi chini ya milimita 300. Zile zenye koti gumu la kuzuia mikwaruzo zinataka duara kubwa zaidi na nyingine hazitaki kupindwa kabisa, soma karatasi ya mtengenezaji.

Sasa utajuaje mpindo wa mlango wako una nusu kipenyo gani? Chukua rula iliyonyooka, iweke kwa ndani ya mpindo iguse ncha mbili, halafu pima kina kutoka katikati ya rula mpaka kwenye bomba. Hesabu yake: urefu wa rula zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya kina, halafu ongeza nusu ya kina. Mfano wangu, rula milimita 600, kina 30. 600 mara 600 ni 360,000, gawanya kwa 240 unapata 1,500, ongeza 15, ni 1,515. Hiyo ni raha tupu, shiti inalala yenyewe. Lakini kona ya chini ya mlango mwingine nilipima rula ya 200 nikapata kina 40, ukipiga hesabu ni milimita 145 tu. Hiyo shiti ya 2 haiendi ikiwa baridi hata ukiikalia, na ikienda itakaa na mkazo ndani yake ikingoja sababu ya kupasuka.

Kitu kingine, mpindo uwe wa upande mmoja tu, kama bati lililozungushwa kwenye pipa. Kama mlango umevimba pande zote mbili, kama tumbo, hakuna ujanja wa kuupata kwa kupinda kwa mikono, huo unataka shiti ipashwe moto kwenye oveni kubwa. Na moto wenyewe una siri yake, polikaboneti inakunywa unyevu kutoka hewani na lazima kwanza ikaushwe saa kadhaa kwenye nyuzi kama 120 kabla ya kupandishwa kule juu ya 170 inapolainika. Mimi nilidhani ni maneno ya vitabu, nikatia kipande kwenye oveni bila kukausha, kikajaa viputo ndani kama soda. Kwa mlango wa tumbo nunua iliyokwisha kuumbwa kutoka kwa watu wa kiti.

FREMU NA MLANGO VIKAE SAWA KWANZA

Fremu ya bomba bila shiti ni laini, unaisokota kwa mikono. Ukishafunga shiti inakuwa ngumu, na umbo lolote iliyokuwa nalo dakika ile ndilo utakalobaki nalo. Kwa hiyo usifungie shiti mezani hata kama meza yako ni nzuri namna gani. Ning'iniza mlango kwenye ndege, ndege isimame kwenye magurudumu yake, funga kitasa, halafu zunguka na kipande cha kadibodi uangalie nafasi kati ya mlango na mwili wa ndege. Pale unapobana, rekebisha bomba polepole mpaka mlango ulale bila kulazimishwa. Mimi nilitumia siku nzima kwa mlango mmoja na sijutii.

Rangi ya fremu iwe imekauka kabisakabisa, si ile ya kugusa tu. Thina iliyobaki ndani ya rangi inatoka taratibu na inakula polikaboneti. Ipe wiki moja angalau. Halafu bandika utepe mwembamba wa mpira juu ya bomba pale shiti itakapokaa. Mpira uwe wa EPDM au neoprini, usitumie ile ya PVC laini, mafuta yake yanahamia kwenye shiti na kuleta nyufa. Silikoni ukihitaji, ile inayonuka siki iache, tafuta isiyonuka.

KIOLEZO, KISHA KUKATA

Kata kiolezo cha kadibodi ngumu au manila nene, kibandike mlangoni kwa tepu ukiwa umefungwa, chora mzunguko. Shiti ipite nje ya bomba kama milimita 15 mpaka 20 ili iegemee kwenye mwili wa ndege na pia ili matundu yasiwe karibu na ukingo. Kona zote ziwe za mviringo. Kama unatoboa dirisha dogo la hewa ndani ya shiti, toboa kwanza matundu ya kona halafu uunganishe kwa msumeno, kona kali ya ndani ni mwaliko wa ufa.

Nailoni usibandue. Shiti ilale kati ya mbao mbili za plaiwudi, umezibana na vibanio, kata na jigso yenye msumeno wa meno madogo wa chuma, mwendo wa wastani. Ukienda kasi sana plastiki inayeyuka na kujifunga tena nyuma ya meno, utaiona. Ile njia ya kukwaruza na kisu halafu kuvunja kama kioo haifanyi kazi hapa, ni ya akriliki. Makasi ya bati yanakata ya 1.5 vizuri ila yanaacha vijinyufa vidogo ukingoni, kwa hiyo kata milimita 2 nje ya mstari halafu umalizie kwa tupa.

Ukingo wote pitisha tupa laini, kisha msasa namba 220, kisha 400, mpaka ukipitisha kidole usisikie mkwaruzo wowote. Kazi ya kuchosha. Lakini ufa mwingi unaanzia kwenye ukingo mbaya au tundu baya, sehemu nyingine ni nadra.

MATUNDU, NDIO MOYO WA KAZI

Tupige hesabu kidogo. Polikaboneti ikipata joto inarefuka kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Chuma ni kama 0.012. Mlango wangu una urefu wa mita 0.9. Asubuhi nyuzi 15, mchana ndege imeegeshwa juani shiti inaweza kufika 65, tofauti ni 50. Shiti inarefuka 3.15, chuma 0.54, maana yake shiti inataka milimita 2.6 za ziada ambazo fremu haina. Mimi kwenye ule mlango wa kwanza riveti ya milimita 3.2 niliiweka kwenye tundu la 3.3. Sasa hizo 2.6 zingeenda wapi?

Kwa hiyo tundu kwenye shiti liwe kubwa kuliko riveti. Mimi sasa natumia tundu la milimita 6 kwa riveti ya 3.2, inabaki milimita 1.4 kila upande. Kama shiti iko huru kote, inapanuka kutoka katikati na kila ukingo unatembea 1.3 tu, inatosha, ingawa ni chupuchupu, mlango mrefu zaidi ongeza tundu. Ila sikiliza, ukiubana ukingo wa juu kabisa usisogee, ukingo wa chini utabeba zile 2.6 zote na tundu la 6 halitoshi. Ndio maana nasema matundu yote yawe huru, usiache hata moja la kubana eti "kushikilia".

Utaratibu uko hivi. Weka shiti mlangoni ukiwa umefungwa, anza katikati ya juu, bana kwa vibanio vyenye vipande vya mpira, shuka nayo ukiilaza taratibu, mwenzako akisukuma kwa viganja viwili. Msilazimishe kona kwanza. Ikishalala, toboa tundu moja la 3.3 katikati ya juu kupitia shiti na bomba pamoja, tia kleko (kishikizo cha muda kinachoingia kwenye tundu badala ya riveti), halafu moja katikati ya chini, kisha pembeni kulia na kushoto, ukienda nje kutoka katikati kila mara. Ukianzia kona moja ukazunguka utamaliza na uvimbe mahali fulani ambao hauna pa kwenda. Nafasi kati ya tundu na tundu milimita 60 mpaka 75, na ukingo wa mbele unaopokea upepo usiogope kukaribisha zaidi. Upepo hausukumi shiti ndani tu, ubavuni mwa ndege hewa inapita kasi na inavuta mlango kuelekea nje, kwa hiyo riveti ndizo zinazoshikilia. Kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa shiti usipungue mara mbili ya kipenyo cha tundu, yaani 12.

Drili kavu, biti kali, mkono mwepesi, toa biti kila mara kumwaga machicha. Usiweke mafuta ya kukatia. Ukiona machicha yanatoka kama uzi mrefu uliolainika, umepasha moto, punguza.

Ukimaliza yote, vua shiti, iweke juu ya ubao, panua kila tundu mpaka 6 kwa biti ya ngazi, halafu lisafishe mdomo pande zote mbili kwa kuzungusha biti kubwa kwa vidole. Kwa vidole, si kwa mashine. Shika shiti kwenye mwanga uangalie kila tundu, liwe limeng'aa mviringo. Lenye kijino liguse tena. Kwenye bomba pia toa vyuma vilivyobaki na utie dawa ya kutu ndani ya matundu, bomba likioza kwa ndani hutajua.

KUPIGA RIVETI BILA KUBANA

Riveti ya kuvuta ina nguvu, ikikatika msumari wake inakuwa imeibana shiti sawasawa na kazi yote ya tundu kubwa inapotea. Dawa yangu ni ya kienyeji. Nilichukua mkebe wa maziwa ya unga, nikakata kipande kirefu cha bati na nikakichonga mdomo kama uma wenye meno mawili. Kila riveti inawekwa na washa pana ya alumini, milimita 12 au 14 ili ifunike tundu vizuri, na huo uma unaingia kati ya washa na shiti, meno yakipita pande mbili za riveti. Vuta riveti, tak, halafu chomoa uma. Inabaki nafasi nyembamba kama karatasi. Ukishika shiti na kuisukuma kwa viganja unaiona inasogea kidogo kwenye riveti, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Ukitaka usafi zaidi kata vibushi (vibomba vifupi vya kuvisha riveti) vya alumini virefu kupita unene wa shiti kidogo tu, riveti ibane kibushi na shiti iogelee kukizunguka, ila hapo tundu la shiti liwe kubwa zaidi tena kwa sababu kibushi kinakula nafasi.

Wanaopenda skrubu, sawa, kaza mpaka iguse kisha rudisha robo mzunguko, na nati iwe ya kujifunga yenyewe yenye nailoni. Ile gundi ya maji ya kukaza nati usiilete karibu kabisa, tone moja likigusa polikaboneti yenye mkazo inapasuka mbele ya macho yako, nimeona ikitokea ndani ya saa moja.

Bandua nailoni ukingoni tu wakati wa kufunga, iliyobaki iache mpaka mwisho. Lakini usiiache ndege juani na nailoni, inaungua na kushikamana na utaibandua kwa kucha wiki nzima.

BAADA YA KUFUNGA

Fungua na ufunge mlango mara nyingi, ukiwa umekaa ndani na mkanda umefungwa, uhakikishe kitasa kinafunguka kwa mkono mmoja, huo ndio mlango wa kutokea likitokea la kutokea. Halafu tembea nayo ardhini, kisha ruka kwa mwendo mdogo karibu na uwanja, usikilize. Mlango unaopiga filimbi una nafasi mahali, mlango unaopiga ngoma una riveti chache. Andika kwenye kitabu cha ndege ulichofanya na tarehe.

Kusafisha: mwaga maji kwanza vumbi litoke, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini cha pamba. Dawa ya kupuliza vioo yenye amonia usiguse, wala thina, asetoni, petroli. Na petroli ndio adui wa karibu kwenye ndege hizi maana tangi liko kwenye bawa na mlango uko chini yake hapohapo. Mimi nikijaza mafuta natandaza taulo iliyolowa maji juu ya mlango, tone likidondoka linaishia kwenye taulo. Wenzangu walikuwa wananicheka eti naogesha ndege, sasa naona wawili wana taulo zao.

Saa kumi za kwanza za kuruka, kila ukitua chukua tochi, iweke pembeni ya shiti imulike kwa ubapa, upitie tundu moja moja. Nyufa changa huzioni ukitazama moja kwa moja, zinawaka kama uzi wa fedha mwanga ukija ubavuni. Ukikuta moja, toa riveti ile, angalia kama tundu lilikuwa limebana au bomba limesogea, na mwisho wa ufa toboa katundu kadogo ka milimita 3 usiendelee wakati unaandaa shiti nyingine. Kiolezo chako cha kadibodi kitundike ukutani, usikitupe. Vyangu ni viwili, nimeviandika "kulia" na "kushoto", kwa sababu milango ya ndege ya kujiundia hailingani hata kidogo na nililijua hilo baada ya kukata shiti ya pili.